Koti la Pili

Manti, Utah
Jumatatu, 7 Septemba 1987

Thayne mwanangu,

Ardell tulimpoteza Jumamosi tarehe 16 Februari 1985, mchana kweupe, kwenye barafu ya Bwawa la Juu. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu kwenye hotuba yako ya kuaga, kanisani mbele ya waumini wote wa kata, ulisema "marehemu ndugu yangu Ardell." Nilikuwa benchi la tatu. Mama yako Mkubwa LaRue alinishika goti nisisimame. Marehemu ana kaburi, Thayne. Marehemu watu humlia, wakala viazi vya msiba, wakaenda zao. Nyumbani kwangu vililetwa vile viazi mabakuli kumi na moja, na yote kumi na moja LaRue aliyarudisha na vifuniko vyake, hayajaguswa. Sisi tulimpoteza. Kilichopotea kiko mahali.

Haya, salamu sasa. Hatujambo. Baba yako kavunjika kidole, mtambo wa kuchimbia visima umembana akibadilisha bomba, nilimwambia atoe mkono, akanijibu, "Kaka, nimeanza kazi hii jana?" Jibu analo kwenye bendeji. Kisima cha akina Jolley tumefika futi mia mbili na arobaini, maji yapo, galoni thelathini na moja kwa dakika. Mtaalamu waliyemleta kutoka mjini alisema hapatakuwa na kitu tukipita futi mia mbili. Namheshimu, ana tai nzuri.

Sasa u mmisionari, unaitwa Mzee Christoffersen. Miaka kumi na tisa, ndevu sita, na unaitwa Mzee! Mimi nina hamsini na nane na watu wananiita Rulon.

Kifini nakijua kuliko unavyodhani. Ardell alipopata wito wake wa umisionari wa kwenda Ufini alicheza kaseti za kujifunzia Kifini majira yote ya baridi, na ukuta wetu ni ubao mtupu. Hesabu yake ya moja hadi kumi ilikuwa na tundu: kila akifika sita anaruka nane. Saba haimkai kabisa. Nikamwambia, "Wewe nikikupa mtambo, kila futi kumi utaniibia moja." Alicheka hadi akakaa chini. Wito wako ulipokuja nao ukasema Ufini ileile, kata nzima ikasema ni muujiza. Mimi nilisema ni bahasha.

Na lile koti lake la sufu uliloomba, LaRue hajakataa kwa roho mbaya. Alimnunulia mwanawe, halijavaliwa hata siku moja. Wewe tutakununulia lako.

Soma. Kula. Mtii mwalimu.

Baba yako Mkubwa,
Rulon


Provo
Jumanne, 15 Septemba 1987

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumai Mama Mkubwa ni mzima na Baba anakitunza kidole. Mimi mzima.

Samahani kwa lile neno la kwenye hotuba. Sikuwa na neno jingine.

Hapa chuo cha wamisionari tunaamshwa alfajiri, tunakula, tunasoma, tunakula, tunasoma. Darasa letu la Kifini tuko kumi, tumepangwa wawili wawili, na mwenzako humwachi: bafuni humsindikiza hadi mlangoni, ukisahau kamusi bwenini mnairudia wote wawili. Mwenzangu ni Mzee Tolman, wa Blackfoot kule Idaho, baba yake analima viazi. Analia. Si kidogo. Jana kwenye ukumbi wa chakula Mzee Pingree alimwambia, "Tolman, supu ina chumvi ya kutosha, usiiongezee." Hata yeye alicheka, halafu akaendelea kulia.

Kifini kinanishinda. Mwalimu wetu, Ndugu Ballif, alirudi kutoka Ufini mwaka jana tu, ananiuliza jina langu na nchi yangu, nami nasimama kama nguzo. Wenzangu wote wanaomba sala kwa Kifini. Mimi nasema amina.

Leo ni siku yetu ya mapumziko: asubuhi hekaluni, kisha kufua, kisha barua. Hekaluni nilikwenda kwa niaba ya mtu. Mama alinipa jina kabla sijaondoka. Uliza lolote la huku, Baba Mkubwa, ila hilo naomba usiniulize kwa sasa. Nilifanya kama ifanywavyo siku zote kwenye ibada ya wafu: unaingia badala ya aliyekufa, jina linatajwa, unaitikia wewe. Nilipoitikia nilisikia baridi miguuni kana kwamba nimevua soksi. Tolman alikuwa kando yangu, akaniuliza kwa nini natetemeka.

Nisalimie mbwa.

Mwanao,
Thayne


Manti
Jumatatu, 21 Septemba 1987

Thayne,

Barua imefika. LaRue anasema uvae soksi mbili.

Kisima cha akina Jolley kimekamilika. Baba yako bado anaweka kidole juu kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani. Baraza la wilaya limetangaza kwamba Bwawa la Juu litafunguliwa Oktoba, maji yote yatoke, wapate kutengeneza lango la chini lililoliwa na kutu. Nimeomba hivyo tangu siku ile. Walinijibu kwamba maji ni ya wakulima. Sasa lango limewaharibikia wenyewe, ghafla inawezekana.

Umesema nimsalimie mbwa. Basi sikia habari zake. Unajua tangu Februari ile mbwa wetu Shemasi haachi: kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye njia ya bwawani, mvua, theluji, jua, hadi giza liingie. Nimemfunga, akakata kamba. Nimempiga, Mungu anisamehe. Jumanne hii iliyopita, tarehe 15, nilikuwa uani napaka mtambo grisi, saa tano hivi, nikamwona anakuja kutoka huko akitikisa mkia, si kwa ajili yangu. Anatembea akitazama juu pembeni yake, hivi watembeavyo mbwa wakiwa na mtu. Akafika mlango wa nyuma, akakaa. Halafu akaingia ndani, akalala kwenye zulia la chumba cha Ardell.

Hajarudi njiani tena. Hata siku moja hajaenda.

LaRue anasema mbwa amezeeka. Ana miaka saba. Huo si uzee.

Umeniomba nisikuulize jina, nami sijakuuliza. Bado.

Rulon


Provo
Jumanne, 29 Septemba 1987

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na Mama Mkubwa mshike miguu. Habari ya Shemasi nimeisoma mara nyingi.

Tolman kaenda kwao. Alhamisi ile ile baada ya siku ya hekalu, baba yake alikuja na lori, wakafunga mizigo, akanikumbatia akasema, "Usinichukie, Christoffersen. Chumba kile kina baridi." Hakusema kingine. Nikawa sina mwenza, na hapa hilo haliruhusiwi hata kwa kwenda kunywa maji. Rais wa tawi letu la kanisa, mzee mmoja mwenye ndizi kwenye mkoba daima, alisema, "Utafuatana na Pingree na mwenzake kwa siku moja mbili, mpaka nione." Nikafuatana nao siku hiyo.

Ijumaa asubuhi nilipoingia darasani mwenzangu alikuwa ameshakaa.

Kwa hiyo tuko wawili wawili tena, hakuna watatu watatu, na kila mtu amefurahi, maana kutembea watatu ni kuchekwa. Kundi jingine la Kifini haliji hadi Novemba.

Utafurahi kusikia kwamba sasa nasema. Sijui ilianzaje. Mwenzangu anakijua vizuri zaidi yangu. Inaonekana alijifunza nyumbani kwao kabla hajaja. Ananinong'oneza, nami nasema. Ndugu Ballif alisimama na chaki mkononi akasema, "Christoffersen, nani kakupa hiyo sentensi?" Nikasema mwenzangu. Akamtazama, akatabasamu, akaendelea kuandika. Kosa analo moja tu, wote wanalicheka. Tukifua mashati yeye ndiye anayehesabu, na akifika sita anataja nane. Pingree alimwambia, "Kaka, shati langu la saba umelipeleka wapi?"

Mashati yenyewe ni tabu. La kwake halikauki. Nalitundika dirishani penye jua, mchana kutwa, mikono bado inadondosha maji.

Baba asikaze sana hicho kidole.

Thayne


Manti
Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Thayne,

Hatujambo. Salamu ni hizo, leo sina nyingine.

Sikusoma chuo. Darasa la nane nililiacha nikaenda kubeba mabomba ya watu, na mtambo wa kwanza niliununua ukiwa chuma chakavu. Lakini kutoa najua. Mlikuwa kumi. Kaondoka mmoja. Mko tisa. Kundi jipya haliji hadi Novemba. Tisa hawagawanyiki kwa wawili, Thayne. Zinatoka jozi nne na mmoja anabaki ukutani. Na wewe umeandika kwa mkono wako kwamba hakuna watatu wala hakuna mpweke.

Nimesoma barua yako tena nikitafuta jina la huyo mwenzako. Tolman umemtaja kwa jina, kijiji na shamba la baba yake. Pingree umemtaja. Hata ndizi za rais wa tawi zimo. Huyu ni "mwenzangu."

Nilikwenda kwa mama yako. Nilimkuta bustanini anang'oa karoti, nikasimama nje ya uzio.

"Arvilla, ulimpa mwanao jina la nani?"

"Rulon, ingia ndani, nina pai."

"Sitaki pai."

"Miaka miwili na nusu!" akasema, na karoti mkononi. "Miaka miwili na nusu kijana wa watu yuko nje ya mlango wa mbinguni kwa sababu ya ukaidi wako. Kila mtu katika bonde hili ana wafu wake ndani, hata wale mababu wa Denmark waliokufa na ulevi wao tumewaingiza! Wa kwako tu ndiye amesimama nje kwenye baridi. Alikuwa ameitwa, Rulon. Alikuwa na wito mkononi. Ulitaka akae huko hadi lini?"

"Hadi nimwone."

"Basi mimi nimemwandikisha. Nilikata tamaa na wewe."

Niliondoka. Ningemjibu vibaya, na ni shemeji yangu.

Ninyi mmefanya kosa ambalo hata mtoto wa shule ya Jumapili halifanyi. Kazi ile ni ya waliokufa. Nani aliwathibitishia? Mlimwona? Mlimzika? Mmemwita mtu kwa jina lake mbele za Mungu bila kujua yuko upande gani, ukaitikia wewe, na sasa umekuja kuniandikia habari za mashati yasiyokauka.

Sijamwambia LaRue. Jana nilimkuta amelitoa lile koti la sufu, analipiga brashi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Msimu unabadilika."

Jina la mwenzako, tafadhali. Sitaki hadithi.

Rulon


Provo
Jumanne, 13 Oktoba 1987

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tuko wazima.

Usimkasirikie Mama. Mimi ndiye niliyeitikia.

Unataka jina. Hapa tunaitana kwa majina ya ukoo tu, ndiyo sheria, na la kwanza hatuulizani. Jina lake la ukoo unalijua. Umelipaka kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa lori lako.

Watu wanadhani sisi ni ndugu, nao hawajakosea. Ana kitambulisho kifuani kama changu. Anakula kidogo. Tufaha anatia chumvi. Jumapili alihutubia tawi zima kwa Kifini, akazungumzia subira, na watu walifuta macho. Nilipomuuliza Pingree baadaye ni maneno gani hasa yaliyomgusa, alifikiri, akasema, "Hayo hayo." Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

Sijamwogopa, Baba Mkubwa. Nataka ujue hivyo. Siku ya kwanza tu. Ana upole aliokuwa nao siku zote, na hajaniuliza chochote. Hilo ndilo linalonikosesha raha: hajaniuliza. Juzi tulipita kando ya bwawa dogo la mapambo lililo mbele ya ukumbi, akahamia upande wangu wa pili ili mimi niwe karibu na maji na yeye awe mbali. Basi. Akaendelea kunifundisha vitenzi.

Tunaondoka Jumatatu tarehe 26. Tutakuwa uwanja wa ndege wa Salt Lake saa mbili asubuhi, na familia zinaruhusiwa kuja kuaga.

Kuhusu kamba ya siku ile barafuni siwezi kuandika. Najua hujaniuliza.

Thayne


Manti
Jumanne, 20 Oktoba 1987

Thayne mwanangu,

Baba yako kafunguliwa bendeji, kidole kimepinda kidogo, atakuwa anaelekezea watu Nevada wakimwuliza njia ya Provo. Mama yako anaoka mikate ya safari. Tumesalimiana kanisani. Sijasema tumepatana, nimesema tumesalimiana.

Bwawa walilifungua wiki iliyopita. Nilimwambia yule kijana wa baraza kwamba nitashuka, akasema, "Bwana Christoffersen, tope lile litakumeza." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi maisha yangu yote niko ndani ya tope kwa mshahara." Ni ekari kumi na moja, na penye kina kirefu palikuwa futi thelathini na nane. Nililigawa kwa vigingi na kamba kama shamba la kupimwa, mraba kwa mraba, nikatembea na fimbo ya chuma nikichoma. Baba yako alikuja siku ya pili bila kuitwa, akashika mstari wa pili, tukachoma hadi tumemaliza.

Nimepata matairi. Nimepata ngazi ya mbao, nanga ya mtumbwi, mifupa ya kulungu, kiatu kimoja cha mwanamke. Nimepata fimbo yake ya kuvulia samaki, imesimama kwenye tope kana kwamba mtu kaichomeka akasema narudi.

Yeye hayupo. Mfereji wa kutokea maji una nondo zilizoachana upana wa kiganja tu, hata bata hapiti. Mtu hayeyuki, Thayne. Alikuwamo na ametoka.

Nilikaa pale chini kwenye ngazi ile. Nikafikiri juu ya mbwa na tarehe 15.

Nilipiga simu huko chuoni kwenu. Alipokea mama mmoja mwenye sauti nzuri. Nikajitambulisha, nikamwuliza hali yako. Akasema, "Ndugu, mshukuru Mungu. Yeye na mwenzake ni mfano kwa wote." Nikamwuliza, "Huyo mwenzake anaitwa nani?" Akasema, "Anaitwa..." Nikasubiri. Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Akasema, "Ajabu, jina nilikuwa nalo mdomoni sasa hivi." Halafu akaniuliza mimi kama simu yangu iko karibu na maji, maana anasikia kama yanadondoka. Simu yangu iko jikoni na bomba lilikuwa limefungwa.

Sasa kamba. Umesema huwezi kuandika, basi nitaandika mimi, tulimalize. Kamba niliitoa mkononi mwako mwenyewe siku ile, ukiwa umekaa ukingoni na meno yanagongana. Ulituambia uliirusha mara tatu. Ilikuwa kavu, Thayne. Kavu kama nyasi za ghalani, na fundo la dukani bado limo. Nilijua saa ileile. Niliikunja nikaitia chini ya kiti cha lori na sijamwambia mtu, si LaRue, si baba yako, si askofu. Barafu pale ilikuwa inchi mbili, nilipima siku iliyofuata. Ulikuwa na miaka kumi na sita na ratili mia na sitini. Ungepiga hatua za kuifikisha kamba ile, ningekuwa napoteza wawili. Hesabu hiyo nimeipiga kila namna na jibu ni lilelile. Nilikukasirikia hata hivyo. Nimekukasirikia miaka miwili na nusu nikikupitishia viazi mezani. Leo nimechoka nayo. Kama yeye hajauliza, mimi ni nani?

LaRue nimemwambia kila kitu, isipokuwa kamba. Nilidhani atalia. Alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akasema, "Rulon, huko Ufini theluji inaanza mwezi huu." Akaenda chumbani akarudi na makoti mawili kwenye hanga. Moja jipya, lako, tulilinunua Jumamosi. Jingine ni lile. Amelibadilisha vifungo. Ameyatundika yote mlangoni, na kila akipita analigusa lile la pili kwenye bega.

Sasa nisikilize vizuri. Miaka yote hii nimekataa kusema amekufa. Sitasema leo kwa sababu ya shati bichi na mbwa. Lakini mwanamke huyu atakuwa na mimi Jumatatu saa mbili pale uwanjani, na siwezi kumwacha asimame mbele ya watu ameshika koti la sufu, anangoja mkono uingie, na mkono usiwepo. Wala siwezi kumwambia aliache nyumbani, halafu tufike pale tumwone mwanetu amesimama nyuma yako na shati lake linadondosha maji, anakwenda kwenye baridi ile bila kitu, mara ya pili, na sisi tukitazama.

Mimi nitakuwa mlangoni nikihesabu mnavyopita. Kuhesabu najua. Lakini nataka kujua kabla.

Sitaki barua. Barua zako zina milango mingi. Chukua postikadi, andika tarakimu tu, usiweke hata salamu. Posta ya hapa inafungwa Jumamosi tarehe 24 saa sita mchana, na saa sita kasorobo nitakuwa nimesimama dirishani.

Nilete koti moja, Thayne, au nilete mawili?

Baba yako Mkubwa,
Rulon Christoffersen